Marehemu Aliyesingiziwa Injini

Elsie Aoko alikuwa na pikapu, na kila mwanamume wa ukoo wa marehemu mumewe alikuwa na maoni juu ya pikapu hiyo. Wengine wao hata baiskeli hawakuwa nayo. Lakini ukiwasikia wakiizungumzia ile Peugeot nyeupe, matairi yake, mwendo wake na nani hasa anayestahili kushika usukani wake, ungeapa kwamba waliinunua wao. Aliyeinunua ni Elsie, kwa jasho lake na kwa mbuta.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, wakati viwanda vya samaki pale Kisumu vilipokuwa vikimeza mbuta bila kushiba. Elsie alinunua samaki Usenge, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, akawafunika kwa barafu, akakimbia nao mjini. Nasema akakimbia, lakini pikapu yenyewe ilikuwa imechoka. Ikifika mlimani na mzigo, ilikohoa na kuvuta miguu huku malori ya wenzake yakiipita. Anayefika kiwandani mwanzo anapokewa kwa tabasamu. Anayefika mwisho anaambiwa samaki wake wamelegea macho. Elsie alichoka kuambiwa habari za macho ya samaki, akaamua injini ityuniwe, irekebishwe ipate nguvu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mafundi wa kutyuni walikuwa wawili na kila mmoja alikuwa na injili yake.

Wa kwanza alikuwa Waliaula, mtu wa Webuye aliyekuwa na gereji ya mabati mtaa wa Kondele mjini, nyuma ya soko. Fundi huyu alikunywa chai kuliko injini zinavyokunywa mafuta, na gari likiingia kwake usiulize litatoka lini. Alimsikiliza Elsie, akafungua boneti, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "hii gari yako ni punda. Punda unampatia chakula mzuri, unamwangalia kwato, atabeba. Mimi nitasafisha kabureta, nitaseti valvu, nitaweka moto yake mahali pake. Itaongeza pumzi kidogo. Lakini ukitaka nikugeuzie punda iwe farasi, hiyo mimi siwezi."

Kidogo! Nani huenda kwa fundi kutafuta kidogo? Elsie mwenyewe alisonya alipotoka pale. Ila usiku alilifikiria neno la punda, akaona lina akili.

Wa pili alikuwa Dalmas, kijana wa Usenge aliyerudi kutoka Nairobi na miwani myeusi, Datsun ya rangi ya chungwa yenye vibandiko vya mafuta ya injini ubavuni, na jina la Engineer alilojipa mwenyewe. Alisema ametyuni magari ya mashindano. Yapi, hakusema. Debe tupu haliachi kuvuma, na ile Datsun ilivuma kuanzia mjini hadi ziwani, kuku wakikimbia na watoto wakishangilia.

Shemeji yake Elsie, Walter, ndiye aliyemleta Dalmas Kondele, alikoishi Elsie. Walter alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mwenye boma huko Usenge, mtu ambaye hajawahi kubeba kikapu cha samaki lakini anajua samaki wote wanapaswa kubebwaje. Wakaketi sebuleni kwa Elsie, wakanywa chai ya Elsie, wakala mkate wa Elsie, wakajadili gari la Elsie.

"Nitakata hedi kidogo, injini ibane," Dalmas alieleza huku mikono ikipaa hewani. "Nitaweka kabureta kubwa. Halafu natoa hiyo feni ya mbele. Feni inakula pawa bure. Magari ya reli haitaki feni, upepo wa njia inatosha."

"Reli ya treni?" aliuliza Mama Dorca kutoka kwenye kiti chake.

"Rally, mama. Ile ya mbio."

"Na samaki wanashindana na nani?"

Wanaume walicheka. Mama Dorca alikuwa mama yake Walter na mama mkwe wa Elsie. Mwanawe alipofariki, alikataa kurudi Usenge kwa Walter, akabaki na mkaza mwanawe mjini. Jambo hilo lilimuuma Walter kama mwiba, maana mama kukaa kwa mjane badala ya kwa mwana mkubwa ni kidole kinachonyooshwa kila siku. Kijijini walisema Elsie amemfanya bibi wa watu mlinzi wa nyumba. Ukweli ni kwamba wale wanawake wawili walipendana. Walipika pamoja, waligombana kuhusu chumvi, na jioni walisikiliza matangazo ya vifo kwenye redio wakiulizana nani anamjua nani.

"Mwenye gari anasemaje?" Mama Dorca aliuliza tena.

"Mimi nasema Waliaula," Elsie alijibu.

"Yule wa chai?" Walter alicheka mpaka akakohoa. "Nyar Uyoma, mambo ya injini wachia wanaume. Hii gari inabeba jina ya ukoo wetu. Tutachekwa."

Nyar Uyoma, binti wa Uyoma. Alikuwa ameolewa kwao miaka yote hiyo, amezika mwana wao, anamlisha mama yao, lakini siku ya kutoa uamuzi alirudishwa kwao Uyoma kwa neno moja. Alikasirika, tena sana. Lakini mgeni alikuwa ndani, mama mkwe alikuwa ndani, na adabu ni mzigo ambao wanawake hubebeshwa zaidi. Kesho yake pikapu ilikwenda kwa Dalmas.

Ilirudi ikinguruma. Siwezi kusema uongo: pikapu tupu, barabara tambarare, ilipaa. Elsie alitabasamu hadi Kisian. Halafu akaipakia dagaa wa omena na mbuta, akaja nayo kwenye mlima wa Maseno polepole nyuma ya trekta la miwa, na injini ikachemka, ikapiga kwikwi, ikazima. Akafungua boneti, akaona pale ilipokuwa feni pana uwazi mtupu. Akangoja. Injini ilipopoa ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, akaenda, ikachemka tena. Alipofika kiwandani samaki walikuwa wamelegea macho kweli, na safari hii hakuwa na la kubisha.

Akaenda moja kwa moja kwa Dalmas. "Nirudishie feni yangu."

"Shida si feni, mama. Ni vile unaendesha. Hii gari sasa inataka mwendo. Ukienda polepole unaikasirisha."

"Nirudishie feni."

"Wiki ijayo," alisema Dalmas. Wiki ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Walter alipoambiwa alisema Engineer anajua kazi yake, na kwamba wanawake hulalamikia kila kitu.

Kabla feni haijarudi, Mama Dorca akafa. Aliugua kifua siku chache tu, akaenda akiwa ameshikwa mkono na Elsie. Wala sitaki kueleza kilio cha Elsie, kwa sababu kilio kile kilikuwa chake. Nitasema tu kwamba gari la kumpeleka mama nyumbani Usenge halikujadiliwa na mtu. Elsie alisema atambeba yeye, kwa pikapu yake, na safari hiyo hata Walter hakupinga.

Msafara uliondoka Kisumu asubuhi, magari yamefungwa matawi ya majani mabichi. Mbele ilikwenda Datsun ya Dalmas ikipiga honi. Ikafuata pikapu, Elsie kwenye usukani, Walter kando yake, na jeneza nyuma limezungukwa na shangazi wa ukoo. Nyuma kabisa lilikuja lori la waombolezaji na akina mama wa kanisa. Nanyi mnajua mwendo wa kumsindikiza mtu wetu nyumbani. Hakuna anayekimbia. Watu wanaimba, wanatembea na magari, wanataka kila duka na kila njia panda ijue kwamba fulani anarudi kwao. Mwendo wa kobe, jua kali, mlima wa Maseno mbele, na injini isiyo na feni.

Elsie aliona mshale wa joto ukipanda. Akapiga honi kumwashiria Dalmas aongeze mwendo, lakini Dalmas alidhani ni honi za heshima naye akajibu kwa zake. Katikati ya mlima injini ikapiga kwikwi, ikazima.

Wimbo ukakatika. Halafu shangazi mmoja nyuma akapiga ukemi: "Amekataa! Min Walter amekataa!" Min Walter, mama yake Walter.

Wasiojua wataona ajabu. Lakini kwetu gari lenye maiti likizima, hakuna anayeangalia injini kwanza. Watu humwangalia marehemu. Marehemu ana neno, kuna kitu kimemkera, kuna mtu hamtaki. Atabembelezwa, ataitwa kwa majina ya kwao, ataulizwa shida yake ni nini. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, lakini siku ile Mama Dorca aliulizwa mpaka habari za petroli.

Mzee Zadock, shemeji yake marehemu na mkubwa wa msafara, alishuka kwenye lori, akavua kofia, akaweka mkono kwenye jeneza. "Dorca, wadhi dala. Twende nyumbani, mama. Nani amekuudhi?"

"Mzee, ni feni," alisema Elsie. Alikuwa ameshuka na kufungua boneti, mvuke ukimpiga usoni. "Gari haina feni. Imechemka. Tungoje ipoe, tuweke maji, itaenda."

Mzee Zadock alimtazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mwehu. "Msichana, sisi tunaongea mambo ya mama, wewe unaongea feni?"

"Juzi nilibeba omena, ikazima mlima huu huu! Omena nao walikataa kwenda Kisumu?"

Kijana mmoja kwenye lori alicheka, akatulizwa kwa kofi. Walter, ambaye muda wote alikuwa amekaa ndani ya pikapu akijifuta jasho, sasa akashuka. Hasira ya miaka aliyokuwa akiimeza kwa sababu ya mama yake kukaa Kondele ilikuwa imepata mlango.

"Mimi najua shida ya mama," alisema kwa sauti ili lori zima lisikie. "Mama alishikwa mateka huko mjini. Hakuachiliwa kuja kwangu. Sasa anasema hataki kuletwa nyumbani na huyu."

 Elsie aligeuka akamtafuta Dalmas, akamwona amesimama kando ya Datsun yake, miwani myeusi usoni.

"Dalmas! Waambie. Feni iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia Engineer. Hapa ndipo moyo wangu huwaka kila ninapokumbuka. Neno moja tu lilitakiwa. Alikuwa anajua. Mlima aliujua, joto alilijua, uwazi ule mbele ya injini aliuacha yeye kwa mikono yake. Akavua miwani taratibu, akaifuta kwa shati.

"Injini haina shida," alisema. "Hiyo injini nilitengeneza mimi mwenyewe. Pengine tuombe kwanza. Tuombe sana, tusiharakishe."

Tusiharakishe! Alijua injini ikipoa itawaka. Aliiombea ipoe kwa kutumia midomo ya watu wa Mungu.

Waliomba. Mama wa kanisa mmoja akapokea kutoka kwa mwingine, wakaimba, wakaomba tena. Kisha Mzee Zadock akatoa uamuzi. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwapo Maseno siku ile. Elsie atoke kwenye msafara, asimguse marehemu, asikanyage matangani mpaka ukoo ukae na kusafisha jambo hili. Dalmas ataendesha pikapu, na kijana mmoja wa lori ataleta Datsun.

"Hiyo ni gari yangu," alisema Elsie. "Na huyo ni mama yangu. Mimi ndiye nilimwosha. Mimi ndiye nilimshika mkono akienda."

"Kwenu ni Uyoma," Walter alimjibu, akamnyang'anya ufunguo.

Dalmas akamwaga maji, akafunga boneti, akaketi kwenye usukani, akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza. Vigelegele na vilio vilipasuka pamoja. "Mmeona? Mmeona?" Shangazi yule aliyepiga ukemi alimtazama Elsie moja kwa moja, akageuza uso. Lori lilimpita likimwachia vumbi na wimbo wa kanisani, na ndani yake walikuwamo wanawake waliokuwa wakila kwake kila Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Angeweza kurudi Kondele. Angeweza kukaa kwenye majani akalia mpaka apatikane msamaria. Lakini kama hatafika kaburini, kijiji kizima kitasema maisha yake yote kwamba mama mkwe alimkataa kutoka ndani ya jeneza, na hakuna mahakama ya kukata rufaa. Alivua viatu vya msiba vilivyokuwa vikimbana, akavishika mkononi, akaupanda mlima kwa miguu. Alitembea akisema peke yake, na aliyoyasema sitayaandika.

Hakutembea sana. Kona ya pili tu, aliwakuta.

Pikapu imezima. Boneti iko wazi, mvuke unapanda. Watu wamesimama pande mbili za barabara wakiangalia vidole vya miguu yao, kwa sababu safari hii mwenye kukataliwa hakuwamo garini. Dalmas alikuwa ameinama ndani ya injini akijifanya kutafuta kitu.

Mzee Zadock alimwona wa kwanza. Uso wake ukang'aa, akaja kumpokea kwa mikono miwili.

"Nyar Uyoma, mama anakuita! Sisi tulielewa vibaya. Hakukukataa wewe, alikataa kuachwa kwako. Panda, binti yangu. Wewe ukishika usukani, atakubali kwenda."

"Ni kweli," walisema akina mama wa kanisa. "Alikupenda sana!" Shangazi yule wa ukemi alianza kumfuta vumbi begani. Walter alitazama pembeni, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Wengine wangeupokea. Heshima ile ilikuwa tamu, na ingekaa naye mpaka uzee: mkaza mwana aliyeitwa na marehemu. Elsie aliutazama ule ufunguo. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikapanda upya, kubwa kuliko ya kule chini.

"Mama hajasema kitu," alisema. "Kule hakusema, na hapa hasemi. Mama amekufa, na ninyi mnamtia maneno mdomoni. Kule mlimpa maneno ya kunifukuza, hapa mnampa ya kunirudisha. Sipandi. Sipandi mpaka Dalmas aseme feni iko wapi."

"Elsie, si mahali pake," alisema Walter.

"Ni hapa hapa. Mbele yake. Dalmas, njoo uweke mkono kwenye jeneza, useme ni mama aliyezima gari."

Hakuna mtu wa ziwani asiyejua kwamba kusema uongo huku mkono uko juu ya jeneza ni kujiitia laana. Hata watoto wanajua. Dalmas alitoka kwenye boneti, akaja hadi nyuma ya pikapu, akainua mkono. Mkono ukabaki hewani. Aliwatazama watu, akalitazama jeneza, akaushusha.

"Feni nilitoa," alisema. "Nikauzia mtu wa teksi. Nilikuwa nangoja nipate ingine."

Lori zima lilisikia. Mzee Zadock aliivaa kofia yake, akaivua tena.

"Na kule chini," Elsie alimuuliza, "kwa nini hukusema?"

"Kulikuwa na watu wengi, mama. Ningeaibika."

"Na mimi je?"

Dalmas alirudisha miwani yake usoni. Walter alianza kusema kwamba msiba ni msiba, tusameheane, tuzike kwanza. Elsie akamchukulia ufunguo mkononi katikati ya sentensi.

"Leteni kamba," alisema. "Lori itavuta. Mimi nitashika usukani. Shemeji, wewe utapanda lori pamoja na wengine."

Wakaleta kamba. Walter akapanda lori. Dalmas naye alikuwa tayari anaelekea kwenye Datsun yake ya chungwa, lakini Elsie alimwita.

"Wewe utakaa nyuma na mama. Umweleze mwenyewe njiani, mpaka Usenge."

Mahali pale hukaa wanawake, na kila mtu aliona haya kwa niaba yake, lakini hakuna aliyemtetea. Mashangazi walishuka wakampisha. Dalmas alipanda, akachuchumaa kando ya jeneza, akainamisha kichwa. Kamba ikakaza, lori likavuta, na mlima ukaanza kusogea nyuma yao. Baada ya kitambo sauti yake ikasikika, ndogo, ya kunong'ona: "Mama Dorca, ni mimi Dalmas..."

Elsie alifungua kioo cha nyuma yake.

"Paza sauti," alimwambia. "Mama alikuwa hasikii vizuri."